Nilisaini mahudhurio ya kikao cha ukoo, kumbe nilisaini nyumba. Shemeji anaweza kuuza?

CherehaniYaMbagala aliandika:

Habari za humu, wakubwa kwa wadogo. Huwa napita kusoma tu, leo nimefungua akaunti kwa sababu usingizi umenikimbia.

Mume wangu alifariki mwezi wa pili mwaka huu. Alikuwa dereva wa lori la mchanga. Tulifunga ndoa kanisani mwaka 2004, tuna watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha nne. Tulimzika kwao Rombo, kwenye kihamba (shamba la ukoo) cha baba yake. Siku ya kuanua matanga kaka yake mkubwa, shemeji yangu, akatuita wote chini ya mparachichi nyuma ya nyumba. Likapitishwa daftari la shule. Akasema, "Andikeni majina msaini, tujue nani alikuwepo." Nilikuwa nimejifunga kitenge kichwani, macho yamevimba, mtoto wa mwisho kalala mapajani. Nikasaini. Namba saba. Naikumbuka kwa sababu kalamu iligoma, nikaandika jina mara mbili.

Nikarudi Dar kwenye cherehani yangu. Mwezi wa tano nasikia hodi, shemeji huyo, na mwanaume mwingine kavaa kofia nyeupe, ana futi ya kupimia. Wakaanza kupima fremu ya duka iliyo mbele. Nikauliza kulikoni. Shemeji akatoa karatasi yenye muhuri wa mahakama, usimamizi wa mirathi, jina lake. Akasema, "Shemeji, mahakama imeshanipa. Mwenye mali sasa ni mimi. Wewe na watoto nitawaangalia." Tangu mwezi huo wapangaji wangu wawili kodi wanamtumia yeye kwa simu.

Hicho kiwanja tulinunua mwaka 2011, milioni mbili na laki tatu, hatua ishirini kwa ishirini na tano, hakijapimwa. Laki tisa kati ya hizo nilikopa mimi kwenye kikoba chetu, nikalipa kwa kushona sare za shule usiku na mchana. Karatasi ya mauziano ina jina lake peke yake kwa sababu siku ya kuandikishana mimi nilikuwa leba na mtoto wa pili. Ndiyo hivyo. Na karatasi yenyewe shemeji aliichukua siku ya msiba pamoja na cheti cha kifo, eti anakwenda kushughulikia mafao.

La mwisho, nalisema kwa shida: msibani alikuja mama mmoja kutoka Kibaha na mtoto wa kiume wa miaka tisa. Shemeji anasema nikileta fujo atamtumia huyo mtoto kunibana.

Nauliza: anaweza kuuza? Na ile saini yangu imeniponza? Naomba majibu ya mtu anayejua. Pole nimeshapata za kutosha, pamoja na sukari kilo nane.

Mrombo_Asilia alijibu:

Dada pole, lakini tuwe wakweli. Kwetu mali ya mwanaume hurudi kwa ukoo, na ukoo ndio unaangalia mjane na watoto. Kesho ukiolewa, huyo mwanaume mpya alale kwenye nyumba ya ndugu yetu? Kaeni kikao myamalize. Mahakamani mnakwenda kuliwa hela tu.

KaraniMstaafu alijibu:

Pole mwanangu. Nimekaa masijala za mahakama za mwanzo miaka thelathini na moja, vumbi la majalada ya mirathi nalijua kwa harufu. Kabla ya yote nakuuliza: marehemu alikuwa akiishi wapi alipofariki, na huo muhuri ni wa mahakama ya wapi? Soma vizuri, maandishi ya duara huwa madogo.

Wakati unatafuta miwani, shika hili. Msimamizi wa mirathi si mrithi. Anaweza kuwa mrithi pia, lakini ile barua haimpi hata kijiko. Ni mtu aliyetumwa kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake, kuwagawia warithi kilichobaki, halafu arudi mahakamani aeleze alivyofanya. Ndani ya miezi minne tangu ateuliwe anatakiwa awe amewasilisha Fomu Namba 5, yaani orodha ya mali yote na madeni yote. Baadaye Fomu Namba 6, hesabu: kilichoingia, kilichotoka, nani kapewa nini. Kanuni hizo ni za mwaka 1971, si jambo jipya. Wasimamizi wengi wakishapata barua hawarudi tena, na warithi hawajui kwamba wanaruhusiwa kwenda kuuliza. Kodi za wapangaji wako nazo zinatakiwa kuonekana kwenye hesabu hiyo, senti kwa senti.

Kuuza? Nisikufiche, kuna wakati msimamizi anauza, kama kuna deni la kulipa au warithi wameridhia wagawane fedha. Lakini anauza kwa ajili yenu, si kwa ajili yake. Wasiwasi wangu ni yule wa kofia nyeupe. Akishalipa na kuingia ndani, hata kama haki ni yako, kumtoa ni kesi ya miaka. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujawasha cherehani, andika barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwamba hiyo nyumba ni ya mirathi, warithi hawajaridhia iuzwe. Nakala mbili, moja wagonge muhuri ubaki nayo. Kiwanja ambacho hakijapimwa huuzwa palepale mtaani, mashahidi ni hao hao wa ofisi ya mtaa. Ukiwahi kufika, wataogopa kuweka saini.

CherehaniYaMbagala alijibu:

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma muhuri kwa tochi ya simu (nilipiga picha ile barua wakati anakunywa chai). Ni mahakama ya mwanzo huko huko Rombo. Marehemu alikuwa akiishi hapa hapa Mbagala, toka 2003 hakuwahi kukaa Rombo zaidi ya wiki mbili za Krismasi.

Barua ya mtaa nimepeleka. Mwenyekiti kaisoma mara mbili, akasema huyo wa kofia nyeupe alishafika ofisini kwake kuulizia.

Kaka Mrombo, sijasema nataka kihamba. Kihamba wachukue. Mimi nataka nyumba niliyobebea maji ya kufyatulia tofali.

KaraniMstaafu alijibu:

Marahaba. Basi hapo pana tundu kubwa kuliko saini yako.

Mahakama ya mwanzo inasikiliza mirathi ya mtu ambaye makazi yake ya kudumu, wakati anafariki, yalikuwa ndani ya eneo lake. Makazi, si mahali alipozikwa. Watu wanachanganya sana hapo, hasa nyie wa Kilimanjaro na wenzenu wa Kagera ambao kila mtu anarudishwa nyumbani kuzikwa. Shemeji yako alikwenda Rombo kwa sababu kule hakuna jirani wa Mbagala wa kuweka pingamizi.

La pili. Mahakama ya mwanzo inagusa mirathi ya mila na ya Kiislamu. Hakimu anatakiwa ajiulize marehemu aliishi maisha ya namna gani na alikusudia nini. Mtu aliyefunga ndoa kanisani, akaishi mjini na mkewe mmoja, akabatiza wanawe, mara nyingi mahakama zimesema huyo mila alishaiacha, na mirathi yake inakwenda kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Ndiyo, ya India, ya 1865, usicheke, bado tunayo. Kwa sheria hiyo mjane mwenye watoto anapata theluthi moja, watoto wanagawana theluthi mbili. Kaka wa marehemu hapati kitu watoto wakiwepo. Na shauri la namna hiyo halifunguliwi mahakama ya mwanzo, unapanda juu. Ila mtoto wa Kibaha ameshatajwa, wataanza kusema "mke mmoja" si kweli, jiandae kwa swali hilo.

Nenda Rombo mwenyewe. Omba kukagua jalada, taja namba ya shauri iliyo juu ya barua. Tazama vitu viwili: fomu ya maombi ameandika warithi ni nani, na muhtasari wa kikao cha ukoo umeandikwaje. Chukua nakala.

BintiWaKagera alijibu:

Dada yangu, kama hutaki kihamba usikitake moyoni, lakini usiliandike hilo popote! Umeshaliandika hapa, basi liishie hapa. Sehemu ya baba yao kule ni ya wanao, na wewe huna mamlaka ya kuwagawia watu.

Kwetu Bukoba tulikuwa na mambo haya haya. Mwanamke analima shamba la ukoo mpaka anazeeka, lakini kuuza haruhusiwi, kazi yake ni kula ndizi na kufa. Mama mmoja aitwaye Holaria Pastory alirithishwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza. Mpwa wake akaenda mahakamani kutaka mauzo yafutwe kwa sababu mila inamkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo ni ya ubaguzi na Katiba haiitaki, mwanamke anauza kama mwanaume anavyouza. Marehemu bibi yangu alikuwa akilitaja jina la huyo jaji kama jina la mtakatifu.

Lakini usidhani mambo yote yamenyooka. Ule waraka wa sheria za mila wa mwaka 1963, Tangazo la Serikali Namba 436, unasema mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Wajane wawili wa Shinyanga waliupeleka Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba ni wa kibaguzi, halafu ikakataa kuufuta. Wakaenda mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imewakosea. Ndiyo maana mzee hapo juu anang'ang'ania suala la sheria ipi inatumika. Ukikubali kuingizwa kwenye mila, unaanza mchezo ukiwa umefungwa mabao mawili.

Usiende peke yako. Kuna wasaidizi wa kisheria kwenye kata, hawatozi, na hapo Dar kuna TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake. Mimi TAWLA ndio walioniandikia hati zangu.

Swahiba_wa_Tanga alijibu:

Poleni. Sisi Waislamu fungu la mjane, marehemu akiwa na watoto, linajulikana, thumuni, na hata wakiwa wake wanne wanagawana thumuni hiyo hiyo. Nachomekea jambo moja ambalo ni la wote: deni kwanza. Kabla ya kugawa chochote, marehemu alidaiwa na nani? Ule mkopo wa kikoba uliisha? Madaftari ya kikoba unayo? Kwa sababu mimi kama hakimu nisingetaka maneno, ningetaka daftari.

CherehaniYaMbagala alijibu:

Swahiba, umenikumbusha. Mkopo uliisha 2012, na mhasibu wetu wa kikoba ni mtu wa kutunza karatasi kuliko benki. Nimekwenda kwake jana Yombo, akavuta sanduku uvunguni. Daftari la 2011, kurasa zimeliwa na mende pembeni, lakini limo: jina langu, laki tisa, na mbele yake kaandika kwa mkono wake "kiwanja Mbagala". Nikalia pale pale kwake sakafuni. Risiti za mabati nimepata nne, saruji mbili. Mita ya umeme ya LUKU nayo ni jina langu, sijui kama inasaidia.

Alhamisi napanda basi kwenda Rombo.

KaraniMstaafu alijibu:

Inasaidia. Funga vyote kwenye bahasha moja, na cheti cha ndoa juu. Ukifika eleza kwamba mali hiyo mlichuma wawili, uombe jasho lako litambuliwe kabla ya kuzungumzia fungu la marehemu. Toka kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983 mahakama zetu zinakubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Ile ilikuwa talaka, si mirathi, wakili wa upande wa pili atalisema hilo, lakini wewe una zaidi ya kazi za nyumbani, una daftari.

Kuhusu mtoto wa Kibaha, usimfanye adui. Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu mtoto kunyimwa mali ya mzazi wake, na ukibisha mahakama inaweza kuagiza vipimo vya vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtoto huyo ni silaha ya shemeji kwa muda ule tu ambao wewe unamkataa.

CherehaniYaMbagala alijibu:

Mzee, yule mtoto ana masikio ya marehemu. Mkemia Mkuu apumzike.

CherehaniYaMbagala aliandika, siku tisa baadaye:

Nimerudi. Samahani kwa ukimya, Rombo mtandao ulikuwa unakatika na pesa ya bando niliila nauli.

Nilifika Mkuu (Mkuu ya Rombo, msije mkaitika) asubuhi. Karani wa pale alinisikiliza vizuri, akanitolea jalada nikalisoma pale kwenye benchi. Kwenye fomu ya maombi, sehemu ya warithi, wameandikwa wanangu watatu na shemeji mwenyewe. Mimi sipo. Si kwamba nimeandikwa vibaya, sipo kabisa, kama vile watoto waliokotwa.

Halafu muhtasari. Juu umechapwa kwa kompyuta: "Ukoo umekubaliana kwa kauli moja kumteua…" Chini imeambatishwa ile karatasi ya daftari yenye mistari, iliyochanwa. Namba saba, jina langu, mara mbili, lile la kwanza halina wino. Nilipoiona nilisikia baridi ya asubuhi ile chini ya mparachichi. Karani mwenyewe akauliza mbona karatasi moja imechapwa na nyingine imechanwa kwenye daftari. Sikumjibu, nilikuwa nimefika namba mbili.

Namba mbili ni mama mkwe wangu. Kuna saini hapo, ya kuzungushwa, na mkia. Mama mkwe wangu hajui kusoma wala kuandika. Pensheni ya mzee wake alikuwa akichukua kwa dole gumba, kitambulisho chake kina dole gumba, hata kadi ya kliniki ya macho ni dole gumba.

Nikaenda kwake. Niliogopa, nadhani mnaelewa, ni mama wa mtu ninayemshtaki. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikamwonyesha nakala. Akaichukua, akaigeuza juu chini, akaniuliza, "Hili likamba ni langu?" Nikamwambia wameandika ni saini yako, mama. Akafuta mikono kwenye kanga, akakaa kimya muda mrefu. Akasema, "Mimi siku ile nilikuwa ndani nimelala, nilikuwa nimezika mtoto." Kisha akaniambia nisirudi Dar na njaa. Tukala. Jumatatu yake alikuja mahakamani kwa bodaboda, amevaa viatu vya kanisani, akaeleza hayo hayo mbele ya karani.

Nimewasilisha maombi ya kutengua uteuzi, msaidizi wa kisheria wa kule kanisaidia kuandika. Sababu tatu kama mzee alivyosema: makazi, maisha ya marehemu, na muhtasari. Shemeji ameitwa, tarehe imepangwa mwezi ujao, na katikati hapa amezuiwa kuuza. Miezi minne imepita na Fomu Namba 5 haimo kwenye jalada. Jana kanipigia simu analalamika nimempeleka mahakamani kama mwizi. Nikamwambia shemeji, ukija mjini chakula kipo, njoo na karatasi ya mauziano.

Wapangaji wamesema kodi ya mwezi huu hawamtumii mtu yeyote mpaka mahakama iseme. Nimekubali.

Mrombo_Asilia alijibu:

Kwa mama mkwe hapo nimenyamaza. Yule bibi kupanda bodaboda na umri wake.

BintiWaKagera alijibu:

Na ukutani umeandika? Andika, wanunuzi wa Dar wanasoma ukuta kabla ya hati.

CherehaniYaMbagala alijibu:

Nimeandika jana jioni. Rangi nyekundu robo lita, brashi nimeazima kwa fundi wa jirani. Nilimwachia mwanangu mkubwa kwa sababu ana mwandiko. Akaanza na herufi kubwa mno, NYUMBA HII HAIUZ, ukuta ukaisha. Ikabidi W na I zipinde kona, ziko upande wa choo. Wapita njia wanasoma "haiuz" halafu wanazunguka kuangalia imeishia wapi.

Yule wa kofia nyeupe amepita leo saa nne. Naye alizunguka.